UZI: Kuomba maoni ya daktari wa nje ukiwa hapa hapa Mombasa (yaliyotukuta na mamangu)

#1 BintiKibokoni

Assalaam aleikum na hamjambo wenzangu. Uzi huu utakuwa mrefu, niwieni radhi. Nimepigiwa simu na watu saba, wengine hata siwajui, wote wakiuliza jambo moja: "Mlifanyaje mpaka daktari wa India akasoma karatasi za mamako bila nyinyi kwenda?" Kila nikieleza kwa simu nahofia kwamba kuna kitu nimekisahau. Basi naandika yote hapa.

Mamangu ana miaka 58. Kivimbe alikigusa kwenye titi la kushoto akioga, akakaa nacho miezi miwili kimya kwa sababu harusi ya dadangu ilikuwa karibu na hakutaka kuivuruga. Tulipojua tukampeleka hospitali. Akapigwa picha ya titi, akapigwa ultrasaundi, akachomwa sindano ya kuchukua nyama. Majibu yakaja nusu ukurasa: saratani iliyoanzia kwenye mirija ya maziwa, daraja la 2, kivimbe cha sentimita 3.4. Daktari mpasuaji akatupa tarehe ya kuliondoa titi, Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Jioni ile nyumba ilijaa. Kwetu Mji wa Kale maradhi makubwa hayana mwenyewe, ni ya ukoo mzima. Ami yangu mkubwa alisema neno moja tu: "India." Mwingine akatoa namba ya wakala. Kabla ya isha tushamtumia picha za karatasi kwa simu, na kabla ya kulala ashatujibu kwa barua yenye nembo ya hospitali ya huko: njooni upesi, makadirio dola 9,500, mbali na tiketi na nyumba ya kupanga. Ami akafungua daftari la mchango pale pale sebuleni.

Mimi sikulala, na si kwa ajili ya pesa. Ile barua haikuwa na jina la daktari aliyezisoma karatasi. Haikuuliza swali hata moja. Mamangu ana sukari, miaka kumi na moja sasa, na hakuna aliyeuliza. Nikawaza, mtu huyu ampangia mamangu oparesheni na hajui hata kama yuwameza dawa gani?

Naendelea chini, namlisha mama kwanza.

#2 BintiKibokoni

Nimerudi.

Asubuhi yake nikaenda kwa yule daktari mpasuaji wetu. Nilikaa kwenye benchi tangu saa mbili mpaka saa saba, nayapanga maneno. Nilihofia atakasirika, atuambie basi tafuteni mwingine. Nikaingia nikamwambia: "Daktari, nataka kuomba maoni ya daktari wa nje kabla ya Alhamisi. Naomba usinione vibaya."

Hakukasirika. Alisema, "Hata ingekuwa mamangu ningeuliza mwenzangu. Lakini usimtumie mtu picha za simu." Kisha akanieleza jambo ambalo lilikuwa halijaelezwa na mtu. Yale majibu ya nusu ukurasa yalisema *ni* saratani, hayakusema ni saratani *ya namna gani*. Kuna vipimo vitatu hufanywa juu ya ile ile nyama iliyotolewa: kipokezi cha homoni ya estrojeni, kipokezi cha projesteroni, na protini iitwayo HER2. Hivyo ndivyo huamua dawa. Hakuviagiza kwa sababu maabara ile huvipeleka Nairobi, na majibu yake yamewahi kumchukua wiki tatu. Alihofia mama atachoka kusubiri na kutoroka. Wagonjwa wengi humtoroka, alisema.

Akavuta karatasi akaandika muhtasari wa ukurasa mmoja kwa mkono wake: umri, sukari na dawa zake, kivimbe kiko upande gani, kimepimwa vipi, kwapa limeshikwa na kuhisiwa nini, yeye apendekeza nini. Mwisho akaandika swali moja na kulipigia mstari: *oparesheni ianze au dawa zianze?*

Jamani, swali lile ndilo lililobeba kila kitu. Mimi usiku nilikuwa nimeandika barua yangu ya kurasa mbili, "tafadhali tusaidieni mamangu ni mgonjwa", na haikuwa na swali ndani yake.

#3 MwanaChangamwe

Dada, Mungu ampe mamako shifaa. Swali: hizo picha ulizitumaje? Babangu ana filamu zake za CT, zile kubwa nyeusi. Tulizibandika kwenye kioo cha dirisha tukazipiga picha kwa simu, tukamtumia daktari wa Uingereza kupitia kwa mpwa wangu. Akajibu hawezi kusoma.

#4 BintiKibokoni

@MwanaChangamwe hata sisi tulianza hivyo hivyo, kioo cha dirisha na kivuli cha mikono yetu ndani ya picha.

CT moja ni mamia ya picha, mwili umekatwa vipande vyembamba kama mkate. Ile filamu ni chache tu alizozichagua fundi zikachapishwa. Daktari wa mbali ataka zote, apate kupanda na kushuka ndani ya mwili, aongeze mwanga, apunguze, apime mwenyewe kwa milimita. Zote hizo zimo kwenye sidii, katika mfumo uitwao DICOM, ambao ndio lugha moja ya mashine za hospitali dunia nzima. Kwa hiyo rudi pale babako alipopigwa, waambie: "Naomba sidii ya picha zote za DICOM pamoja na ripoti yake." Wengine watakupa siku hiyo hiyo, wengine watakutoza kidogo, wengine watakwambia uje na barua ya mgonjwa. Nenda nayo mapema, imetiwa sahihi na babako.

Ukiipata, ifungue hapo hapo kabla hujaondoka. Yetu ya kwanza ilikuwa tupu.

Mimi niliipeleka saiba moja ya Mwembe Tayari kwa sababu laptopu yangu haina mahali pa kutia sidii. Kijana akaihamishia kwenye flashi, karibu megabaiti 700 za CT ya mama ya kifua na tumbo, na kuipandisha kwenye kiungo cha ile hospitali ya Mumbai, India, tuliyoiomba maoni, kulichukua kuanzia alasiri mpaka wameadhini isha. Umeme ulikatika mara moja tukaanza upya. Kijana hakunitoza ile mara ya pili, Mungu amlipe.

#5 Mzee_wa_Likoni

Nasoma uzi huu na moyo wanikaza.

Mimi ni mtu wa ng'ambo ya pili ya feri. Ndugu yangu wa tumbo moja alipatwa na saratani ya kongosho. Hatukutuma faili yoyote. Tulituma mtu. Kiwanja chetu cha Mtongwe kiliuzwa kwa haraka, kwa bei ya haraka. Alifika kule Jumatatu akiwa kwenye kiti cha magurudumu, Jumatano madaktari wakatuita wakasema ugonjwa ushaingia ini, hakuna cha kukata. Walikuwa watu waungwana, walituonyesha picha kwenye kompyuta. Na zile picha walizotuonyesha ndizo zile zile alizopigwa hapa Mombasa wiki tatu nyuma, tulizibeba ndani ya mkoba. Hawakupiga mpya.

Yaani walichokisema wangeweza kukisema ndugu yangu akiwa amelala kitandani kwake.

Alifia kule siku ya kumi na tisa. Kumrudisha maiti ni habari nyingine, siiandiki. Wanawe hawakumuona akiwa hai tena, mdogo alikuwa na miaka sita. Mimi ndiye niliyesema twende. Naliandika hili ili mtu mwingine asome kabla ya kuuza kiwanja.

#6 BintiKibokoni

Ami, pole sana. Mungu amrehemu na amfanyie wepesi. Ulisema twende kwa kumpenda, na kila mmoja hapa angesema hivyo hivyo.

#7 Nesi_Pwani

Niongeze kidogo kwa sababu kazi yangu ni wodini na haya nayaona kila wiki.

Mzee wetu amesema jambo kubwa. Maoni ya mbali yana faida mbili na watu huiona moja tu. Ya kwanza ni kugundua kilichokosewa au kilichosahauliwa. Ya pili ni kukuambia usisafiri. Hii ya pili huokoa familia nyingi, na wakala hawezi kukupa, kwa sababu wengi wao hulipwa na hospitali ukienda, hawalipwi ukibaki. Sisemi wote ni wabaya, nimewaona waliomshika mgonjwa mkono kuanzia uwanja wa ndege wa Moi mpaka kurudi. Lakini uliza: nani anamlipa?

Kuhusu ile nyama, BintiKibokoni fafanua mliipataje, hapo ndipo watu hukwama. Na niwaambie jambo moja la kiufundi. Nyama ya titi ikitolewa yatakiwa iingie kwenye formalini, ile dawa ya maji ya kuihifadhi isioze, ndani ya saa moja, na ikae humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72. Ikikaa chupani tangu Ijumaa mpaka Jumanne kwa sababu mtu wa kuipeleka maabara hakuwako, vipimo vya homoni na HER2 huweza kudanganya. Kwa hiyo siku ya kuchomwa sindano uliza nyama inapelekwa lini na nani. Hata mkiibeba wenyewe kwa tuktuk, ibebeni.

Kuna utafiti wa Mayo Clinic ya Marekani uliochapishwa 2017, wagonjwa 286 waliotumwa kule na madaktari wao kupata maoni ya pili. Asilimia 12 waliambiwa uchunguzi wa kwanza ulikuwa kamili. Asilimia 21 walikutwa na ugonjwa mwingine kabisa. Waliobaki, asilimia 66, uchunguzi wa kwanza ulikuwa karibu na ukweli lakini ukanolewa, ukapata ncha. Wale walikwenda wenyewe, hawakutuma faili, na ni Marekani si Makadara. Ila kundi lile la katikati ndilo naliona kila siku. Watu hungoja kuambiwa "daktari wenu amekosea". Mara nyingi jibu huwa "daktari wenu yuko sawa, ila kabla hajakata, apime hiki".

#8 BintiKibokoni

@Nesi_Pwani ahsante dadangu, umelisema vizuri kuliko mimi, maana jibu letu lilikuwa hivyo hivyo. Ngoja nimalizie la nyama.

Nilikwenda maabara na karatasi, kuiomba nyama niipeleke Nairobi mwenyewe kwa vile vipimo vitatu. Karani akaniambia nyama ni mali ya maabara, haitoki. Nikarudi siku ya pili, akawa mwingine, akasema bosi hayuko. Siku ya tatu nikaandika barua, mama akaitia sahihi kwa mkono wake, nikataja Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kwamba habari za afya yake ni zake na ana haki ya kuzipata. Sikugomba. Nilisimama tu na barua yangu dirishani nikasema nitangoja. Akatoka daktari mwenyewe wa maabara, mama mtu mzima, akanialika ndani, akaniomba radhi, akanieleza kwamba hofu yao ni kipande kupotea njiani, kwa sababu kikipotea hakuna kingine, mgonjwa atachomwa tena. Hofu ya haki kabisa. Lau ningeelezwa hivyo siku ya kwanza ningeelewa.

Akanitolea. Sikuwahi kuwaza kitu hicho kina umbo gani. Ni kijisanduku cha plastiki, ukubwa wa kete ya dumna, kimeandikwa namba kwa kalamu ubavuni. Juu yake nta nyeupe, na ndani ya nta vijinyuzi vinne vyembamba, rangi ya chai ya maziwa, kila kimoja urefu wa punje mbili za mchele. Hivyo ndivyo ukoo mzima ulivyokuwa ukivililia. Nilikifunga ndani ya kitambaa cha mama, na Nairobi nilikwenda nacho mwenyewe kwa treni ya usiku, nimekipakata, sikukitia kwenye begi la juu. Mkihitaji kupeleka nje ya nchi, waombeni maabara wakate slaidi zisizotiwa rangi, yaani vipande vyembamba vya nyama juu ya vioo, wawape hizo, kile kijisanduku chenyewe kibaki. Nimekuja kulijua hilo baadaye.

#9 Mswahili_Halisi

Mimi niseme tofauti, na msinielewe vibaya.

Babangu mdogo yuko Leicester miaka mingi, tukamtumia picha za kifua za kaka yake aliyeko hapa Kisauni. Akazipeleka kwa bingwa wa kule. Jibu: yaonekana saratani ya mapafu, afanyiwe vipimo vikubwa. Nyumba ikageuka matanga kabla ya matanga. Daktari wetu wa hapa, kijana mdogo tu, alisema ngojeni kwanza, nipeni makohozi yake. Akayapima kwa ile mashine ya GeneXpert, majibu yakarudi siku ile ile: kifua kikuu. Akameza dawa miezi sita, bure, kituo cha afya cha serikali. Leo yuko barazani anacheza karata.

Daktari wa Uingereza hakuwa mjinga. Kule anaona saratani nyingi na TB chache. Hapa ni kinyume. Yeye alisoma picha, kijana wetu alimsoma mtu na mtaa anaokaa. Kwa hivyo tusije tukadhani kila jibu likitoka ng'ambo ni dhahabu.

#10 BintiKibokoni

@Mswahili_Halisi sina la kukupinga hata kidogo, na nakushukuru umelileta. Ndiyo maana nasema daktari wako wa hapa awe ndani tangu mwanzo. Yule wa mbali hakushiki mkono, hakusikii ukikohoa, hajui nyumbani kwenu kuna mtu aliyewahi kuugua TB. Mwandikie. Mweleze mgonjwa ameishi wapi, amefanya kazi gani, amewahi kuugua nini, hata malaria, hata mdogo wake aliyefariki kwa kifua.

Na jibu lake si dawa. Hana leseni ya kutibu Kenya, cheti chake cha dawa hakitakubaliwa dukani na hakistahili kukubaliwa. Anachokitoa ni rai. Rai hiyo humfikia mgonjwa kupitia mkono wa daktari aliye naye, la sivyo inabaki karatasi tu.

#11 Kaka_Doha

Dada, mlimpata vipi huyo wa Mumbai? Na mlilipa kiasi gani? Niko Qatar, mamangu yuko Majengo, tatizo la moyo, valvu. Huku nalia peke yangu.

#12 BintiKibokoni

@Kaka_Doha pole kakangu, umbali ni maradhi ya pili.

Hatukupitia kwa mtu. Hospitali kubwa nyingi zina ukurasa wa wagonjwa wa nje ya nchi, na barua pepe yake. Kwa saratani, Tata Memorial ya Mumbai, iliyoanza 1941, ina njia yake ya maoni ya mtandaoni iitwayo Navya. Marekani Cleveland Clinic nao wanayo, ila Marekani ni ghali. Sisi tuliandikia tatu. Moja haikujibu, moja ikatupa makadirio ya safari tu kama wakala, ya tatu ikajibu kwa maswali kumi na mawili. Tukaenda na iliyouliza maswali. Mimi sasa hicho ndicho kipimo changu.

Malipo yetu yalikuwa chini ya dola 100 kwa maandishi na mazungumzo ya video pamoja. Nililipa kwa kadi ya benki ya dadangu. Wa moyo watataka vitu vingine: picha za eko (ultrasaundi ya moyo) zinazotembea, si ripoti tupu, na ECG (kipimo cha umeme wa moyo), na dawa zote kwa majina na miligramu. Mwambie mdogo wako apange vikopo vyote vya dawa juu ya meza avipige picha vyote kwa pamoja, lebo mbele. Hilo hata simu yatosha.

Saa zao zimetangulia zetu kwa saa mbili na nusu. Mazungumzo yetu yalipangwa saa nne asubuhi kwao, kwa hivyo sisi saa moja na nusu tulikuwa tumekaa tayari, mama amejifunga leso mpya.

#13 UmmuNasra

Assalaam aleikum. Nauliza kwa aibu kidogo. Hayo ni maradhi ya titi. Picha za mamako zilionekana na nani? Kwa mamangu mimi, mtu wa ukoo alizituma kwenye gurupu la mchango, na jina lake, na namba ya kitambulisho. Watu 240 mle ndani. Mamangu alipojua hakutoka nyumbani mwezi mzima, hata msikitini tarawehe hakwenda. Sijui alilia zaidi maradhi au lile.

#14 BintiKibokoni

Waaleikum salaam dadangu. Hakuna aibu kuuliza, ndilo swali la maana kuliko yote na mimi nilikuwa nimelipita.

Kwetu pia lilitokea. Kakangu aliitia ripoti kwenye gurupu la ukoo, kwa nia njema kabisa. Mama hakusema kitu, alinyamaza tu siku mbili, na mamangu si mtu wa kunyamaza. Nilikaa na kakangu nikamwambia sitara ya mama ni yetu kuilinda, naye akaifuta na akaenda kumbusu mikono. Lakini kilichoshatoka kishatoka.

Baada ya hapo nikaweka utaratibu. Faili zote ziko mahali pamoja, mimi na dadangu peke yetu twajua nywila. Hospitali ya nje tunaitumia kwa kiungo chao wenyewe, si WhatsApp ya mtu. Gurupu la mchango linapewa sentensi moja: mama anatibiwa, zahitajika kiasi hiki, mwenye swali ampigie ami. Mtu anaweza kuchanga bila kuliona titi la mamangu.

#15 Nesi_Pwani

Hapo umenena. Na kabla ya kutuma chochote muulizeni mgonjwa mwenyewe kama ataka kitumwe. Nimeona watoto wanaomba maoni nchi tatu na mama kitandani hajui hata ana saratani.

#16 BintiKibokoni

Haya, jibu lenyewe, wengi mmeningojea.

Lilikuja siku ya sita, kurasa mbili, na jina la daktari na sahihi yake. Alikubali ni saratani. Alikubali titi litahitaji oparesheni. Alimsifu daktari wetu kwa muhtasari, neno lile nililisoma mara mbili. Kisha akasema kisu kingoje. Kwa kivimbe kilichopita sentimita 2, alisema, lazima kwanza ijulikane HER2, kwa sababu ikitokea ipo, au vikikosekana vyote vitatu, mara nyingi ni bora dawa zitangulie, zikipunguze kivimbe, na madaktari waone kwa macho kama dawa inafanya kazi. Ukishalikata titi huna tena cha kutazama. Akataka tezi ya kwapa iangaliwe kwa ultrasaundi na ichomwe sindano kama ina shaka. Akataka kijichuma kidogo kitiwe ndani ya kivimbe kabla ya dawa, ili kikiyeyuka mpasuaji ajue kilikuwa wapi. Na kwa sababu dawa ya HER2 huweza kuugusa moyo, eko ya moyo kabla ya kuanza na kila miezi mitatu, tena hasa kwa mtu wa sukari.

Mstari wa mwisho nauandika kama ulivyo kwa maana yake: haya yote yanafanyika Kenya, sioni sababu ya mgonjwa kusafiri.

Nilimsomea ami yangu kwa Kiswahili, sebuleni pale pale. Akakaa. Akaniambia, "Soma tena huo mwisho." Nikausoma. Akalifunga lile daftari, halikufunguliwa tena mpaka tulipojua bei ya dawa za hapa.

Kwenye video yule daktari alizungumza na mimi dakika ishirini, nami nafasiri. Kisha akasema nimuulize mama, yeye mwenyewe ataka nini. Sisi watoto hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo. Mama akasogea karibu na simu, akasema kwa sauti kana kwamba Mumbai ni ng'ambo ya barabara: "Mwambie nataka nywele zikitoka zitoke, lakini mikono nipate kuitumia. Mimi nashona kofia." Dawa nyingine za saratani hutia vidole ganzi. Yule daktari akaliandika kwenye barua, kwamba mgonjwa ni mshonaji wa kofia za mkono na vidole vyake vitazamwe. Daktari wetu wa Mombasa naye kila mzunguko wa dawa humuuliza, humfungisha kifungo mbele yake kuona.

HER2 ilirudi kutoka Nairobi baada ya siku kumi na tano: 3+, ipo. Kwa hivyo ile Alhamisi angekatwa, na dawa yake isingejulikana mpaka baadaye. Simlaumu mtu. Daktari wetu alipoisoma alisema, "Tumefanya vizuri kungoja," akasema *tumefanya*.

#17 Mzee_wa_Likoni

Alhamdulillahi. Soma hii ami yako asikie: yeye alifunga daftari, mimi sikufunga. Amshukuru Mungu.

Kwa watakaoambiwa *kweli* wasafiri, maana wapo, msije mkakwama kama tulivyokwama: viza ya matibabu ya India huombwa mtandaoni, ni ya siku 60, waweza kuingia mara tatu, na wasindikizaji wawili huombewa yao. Na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe kimetimia siku 10 kabla ya kufika. Sisi mmoja wetu alizuiliwa kule kwa ajili ya hicho na ndugu yangu aliingia hospitali bila yeye.

#18 UmmuNasra

Kwa mamangu mimi jibu la nje lilikuwa la mwisho. Walisema hakuna zaidi, mpeni raha. Tukampeleka Coast Hospice, wanaowatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, wakatufundisha kumpa mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, kwa kipimo, akalala usiku mzima kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano. Alituacha nyumbani, akiwa na mikono yetu. Nilitaka mlijue na hilo, kwamba hata jibu lile tulishukuru kulipata tukiwa hapa.

#19 BintiKibokoni

Mungu amlaze pema, dadangu. Nimelisoma mara tatu.

#20 MwanaChangamwe

Dada, nimepata sidii ya babangu leo. Nimeifungua pale pale kama ulivyosema, zimo picha 412. Sasa barua ya daktari ndiyo sina. Kila nikienda ameshatoka.

#21 BintiKibokoni

@MwanaChangamwe usitume bila barua. Andika wewe ukurasa mmoja: umri, dawa, maradhi ya zamani, alianza lini kuumwa na wapi, na swali lenu moja. Kisha mpelekee daktari aisome, arekebishe, aweke sahihi. Aliyechoka hukataa kuandika, hakatai kusahihisha.

Kesho mama ana mzunguko wa tano. Kivimbe kwenye ultrasaundi ya juzi kilikuwa sentimita 1.1. Tutakuwa pale tangu saa mbili asubuhi, benchi la kwanza ukiingia kushoto, mimi nimevaa baibui na mama ana mfuko wa nyuzi. Njoo na babako na hiyo sidii, tuiandike pamoja tukingoja.